Kaa Karibu na Mkubwa

Jumatatu, 6 Novemba 1978
Nimechota maji, nimefagia, nimechelewa namba shuleni. Mwalimu ametupa insha: kazi ya jenerali mmoja wa Kiingereza, tangu cheo cha kwanza hadi kustaafu. Nimefurahi. Babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza. Alimtumikia jenerali kule Burma, akimpigia pasi na kumchemshia maji ya kunyoa.

Jumatano, 8 Novemba
Babu ameeleza, nimeandika. Luteni, Kapteni, Meja, Kanali, Jenerali. Kwanza Uhabeshi, kisha Burma.
"Kila alipoongezwa cheo, sisi tulikuwa tumetoka kuchimba makaburi," alisema.
Hilo sikuliandika. Niliona litaharibu insha.

Ijumaa, 10 Novemba
Insha yangu imesomwa mbele ya darasa. Sikufurahi. Kaka Gervasi ameitwa vitani pamoja na wanamgambo wenzake. Lori linakuja kesho.

Jumamosi, 11 Novemba
Babu alimshika Gervasi mkono. "Kaa karibu na mkubwa wako. Jenerali wangu alikaa nyuma, mbali na risasi, na mimi nikiwa naye. Ndiyo maana nilirudi."
Gervasi akacheka. "Basi Babu, nitampigia pasi mpaka Kampala!"
Lakini aliahidi. Lori limeelekea Biharamulo. Nina tumaini. Babu anajua vita.

Jumapili, 14 Januari 1979
Hakuna barua. Nimeomba kanisani.

Jumatano, 28 Machi
Gervasi amekufa. Barua imetoka kwa mwenzake wa kikosi. Babu hajui kusoma, nimemsomea. Nilitaka kuruka sehemu moja. Sikuruka. "Mkuu wetu hutangulia mbele siku zote. Gervasi hakukubali kumwacha. Waliuawa pamoja."
"Mbele?" Babu aliuliza.
"Ndiyo, Babu."
"Rudia."
Nikarudia. Najichukia.

Ijumaa, 30 Machi
Babu hali chakula. Haitikii shikamoo yangu. Mama anasema nimemmaliza mzee wa watu. "Ungenyamaza, wewe msomi!" Pengine ni kweli.

Jumamosi, 31 Machi
Kupalilia shamba la ujamaa. Kila mtu hupimiwa mistari yake, na ya Gervasi bado ilikuwa imepimwa. Babu alikuja na jembe. Alimaliza yake, akahamia ya Gervasi. Balozi wa nyumba kumi alitaka kumzuia, akaacha. Nilizunguka, nikaanza mstari uleule upande wa pili. Mahindi yamefika magotini. Tulikutana katikati. Babu alichukua jembe langu, akabandua udongo kwa vidole, akanirudishia. Ulibaki mstari mmoja. Tukaulima.