Posa ya Shadya na Safari ya Mjomba

Lionja,
Nachingwea.
21 Julai 2024

Mpendwa Mjomba Bakary,

Shikamoo. Natumaini kifua kimeacha kukusumbua. Huku tu wazima. Mama analalamikia magoti, ila ufuta ameuvuna mwenyewe. Naandika kwa karatasi kwa kuwa simu zangu hupokei.

Nashukuru kwa kuniruhusu kutumia kompyuta yako kubwa huko Arusha. Laptopu yangu chakavu haiiwezi programu yangu ya magonjwa ya mikorosho, kwa hiyo naingia kwenye mashine yako kwa mbali, kwa maandishi matupu, maana mtandao wa huku haubebi picha. Ulinifundisha nikiingia nitazame kwanza nani mwingine yumo, nisije nikaielemea mashine ukiwa kazini. Kwangu hiyo ndiyo hodi.

Sasa kuna jambo limenikaa kooni. Jumamosi ya posa ya dada Shadya, wazee wa Shaban walitoka Narung'ombe mapema. Unajua kwetu binti haposwi bila mjomba wake. Hata kwa simu ingetosha. Ulishasema uko safarini porini, hakuna mtandao. Mama akawaomba wasubiri kidogo, huenda ukapatikana. Mimi aibu ilinizidi, nikaenda chumbani nikaingia kwenye mashine nijishughulishe.

Nikakuta jina lako kwenye orodha ya waliomo. Si kwa mbali kama mimi, bali kwenye kibodi yenyewe, mezani kwako, tangu saa mbili asubuhi. Nikakuandikia ujumbe utokee kwenye kioo chako: "Mjomba, wageni wanakusubiri. Piga simu useme neno moja tu." Haikupita dakika, jina lako likatoweka kwenye orodha.

Kama hukumtaka Shaban ungesema. Mjomba ana haki ya kukataa, hana haki ya kujificha. Nimekasirika, na sioni haya kukuambia.

Wageni waliondoka alasiri, chakula hawakukigusa. Juzi tumesikia wamepeleka posa kwa binti mwingine, Namungo. Shadya hajalia mbele yetu. Aliniuliza tu kama safari yako imeisha, nikamwambia bado. Mama naye hajui. Sikutaka amchukie ndugu yake wa pekee.

Mashine yako sitaingia tena. Kazi yangu nimeshaihamisha.

Mama na bibi Mwanne wanakusalimu. Msalimie mkeo, na binti yako Tunu, nasikia amekuwa mkubwa. Mungu amtunze, na siku yake ikifika, mjomba wake awe nyumbani.

Mpwa wako, ambaye bado anakupenda,
Uwesu