Chupa ya Misuli

Jumatatu, 3 Juni
Sindano ya kujaza misuli, paja la kushoto. Kisha uji, kisha duarani, shimoni, kutoa mawe ya dhahabu. Nimepandisha viroba kumi na viwili. Zamani thelathini, tena nikiimba. Kifua kinabana. Mikono minene hivi, halafu pumzi ya bibi kizee! Hapana. Kuna mtu ananichezea.

Jumatano, 5 Juni
Mke wangu, Mama Kulwa, kanikokota zahanati, anahofia TB. Makohozi safi. Daktari kapima presha mara tatu, kakunja uso. "Unatumia dawa yoyote?" Nikasema hapana. Ile chupa ya sindano niliinunua mnadani kwa muuza dawa za ng'ombe. Namwambia ya nini? Eti presha. Mimi, wa miaka ishirini na tisa!

Ijumaa, 7 Juni
Nimefika kwa mganga, huko Nyahanga. Kasema: "Mtu wa karibu anakupa kitu kwa mkono wake." Nikajua papo hapo. Shija! Mwaka wa tatu tunavuta kamba moja duarani, na maji nakunywa kwenye kidumu chake. Na chupa yangu tunachangia, mimi ndiye niliyemwonjesha Pasaka. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.

Jumatatu, 10 Juni
Maji yake sigusi. Salamu yake nimeiacha hewani. Sindano nimejichoma, na yeye nikamchoma, maana aliomba mbele za watu. Moyo unadunda hovyo nikilala chali. Miguu imevimba, soksi zimeacha mfereji. Namchukia.

Jumatano, 12 Juni
Shija kaanguka kwenye ngazi ya duara. Kashika kifua, hewa haiingii. Wamemkimbiza hospitali. Halafu, Mungu anisamehe, nikawaza: uchawi umemrudia mwenyewe.

Ijumaa, 14 Juni
Nimekwenda kumwona, nimchunguze uso. Mama yake yuko mlangoni. Shikamoo, marahaba. Kaninong'oneza kwamba naye alikwenda kwa mganga, akaambiwa mtu wa karibu anampa mwanawe kitu kwa mkono wake. "Ng'wanone, mwanangu, wewe ndiye rafiki yake. Humjui?"
Namjua.
Nilirudi nyumbani, nikachukua chupa, nikaiweka mezani kwa daktari wa wodi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 17 Juni
Leo sijajichoma. Shija yu hai, anaongea kidogo. Nimemwambia yote, hata habari ya kidumu. Daktari kasema dawa ile imetanua moyo wake. Wangu wataupima kesho. Aliomba maji. Nikamnywesha, kisha nikanywa yaliyobaki kwenye kikombe hichohicho.