Kabati la Pili

Mwenzangu, weka kazi chini usome haya.

Yule fundi tunayemwita Profesa leo katuzimia ofisi nzima.

Aliitwa kubadilisha kebo za ndani za kabati la pili la seva, lile linalotukatia mtandao tangu wiki iliyopita. Makabati yako sita kwa mstari, nikamwambia namba ziko kwenye milango. Akaniangalia kama mtoto wa chekechea. "Dada, kazi hii nina miaka kumi na miwili nayo."

Miaka kumi na miwili.

Akazunguka nyuma. Akahesabu kutoka kushoto, moja, mbili, akafungua. Sasa ukiwa nyuma, kushoto ndiko kulia. La pili lake ni la tano letu.

Akang'oa kebo zote. Halafu akazikata vipande kwa koleo, eti mtu asije akazirudisha. "Hizi zimechoka, sijui mlikuwa mnaishije."

Zilikuwa na mwezi mmoja.

Mara simu zinalia kila meza. Bosi akaingia mbio. "Nani kafungua la tano?"

Profesa wala hakushtuka. "Hili la pili, mzee."

La pili! Bosi akamshika mkono, akamzungusha mpaka mbele, akamwekea kidole kwenye namba.

Nilikuwa nacheka kimoyomoyo, nakuapia. Mpaka Profesa akakohoa, akauliza taratibu: "Na kule nyuma mbona hakuna namba? Nani aliziandika?"

Niliziandika mimi.

Nimejifungia chooni. Bosi ananiita mara ya tatu.