Sanamu Iliyosimama kwa Mguu Mmoja

Kaka Athmani,

Salamu za makaburini nilikupa siku ile ile Riyadh, mimi na wale wachache tuliokuja na mchanga viatuni. Hii ni salamu ya nyumbani. Nakuandikia nikiwa chumbani kwangu Hindawiyah, ni Ijumaa, Jeddah ina fukuto lake la kawaida, na nina hasira. Nakuambia mapema kwa sababu hukumpenda mtu anayekuja anatabasamu huku ana jambo moyoni.

Watu wanasema ulikufa usingizini. Bosi wako kasema hivyo, msimamizi kasema hivyo, na karatasi ya hospitali imeandika kwamba moyo ulisimama. Moyo wa nani hausimami akifa? Mimi ndiye niliyekuosha, kaka. Kwa hiyo nina la kusema.

Unakumbuka nilivyokuja Sulay, huko huko Riyadh, nikapewa meza karibu na yako pale ghalani. Kazi yetu kukagua sanamu za mashujaa wa sinema, zile ambazo watu wazima huzikusanya na kuziweka kwenye makabati ya vioo, kabla hazijapelekwa madukani. Mama aliniuliza kwa simu nafanya kazi gani huku Arabuni. Nikamwambia nakagua masanamu. Akasema, "Mwanangu, umekwenda mpaka nchi ya Makka kutazama masanamu?" Ulicheka mpaka ukaketi sakafuni, na mwezi mzima ukawa unaniita Abu Lahabi, kama yule mwabudu masanamu wa Makka.

Sanamu ya kwanza nilianza kuitazama usoni. Ukaninyang'anya. "Uso ni wa kumtongoza mnunuzi," ulisema. "Hapo ndipo kiwanda kinapoweka bidii. Wewe tazama pale walipodhani hutatazama." Ukamgeuza shujaa kichwa chini, joho likamfunika, ukanionyesha nyayo, makwapa, na shingo kwa nyuma. Ukanifundisha kukunja kiwiko polepole na kutafuta ule mstari mweupe wa plastiki iliyochoka, unaosema mkono huu siku moja utakatika. Kiungo kizuri hukataa kidogo, kisha hukubali, kisha hukaa pale ulipokiacha. Kikikataa kabisa usikilazimishe, kitie kwenye maji ya moto. Rangi ya mkanda isimwagikie kiunoni. Macho yatazame mahali pamoja, maana shujaa mwenye makengeza hamwokoi mtu. Bandia uliijua kwa pua kabla boksi halijafunguka vizuri. "Hii yanuka mafuta ya taa," ulikuwa ukisema, na kuitupa upande.

Mwisho kulikuwa na mtihani wako mwenyewe, ambao hakuna ofisi iliyokuagiza. Unamsimamisha shujaa mezani kwa mguu mmoja, unamimina chai, unakunywa. Chai ikiisha naye bado kasimama, daraja la kwanza. Akiinama, la pili. Akianguka, arudi alikotoka. Na hukuwahi kuondoka mezani ukamwacha amesimama. Hata kwa adhana ulimlaza kwanza ubavuni, kwa sababu malori yakiingia sakafu hutikisika. "Akivunjika hapo ni kosa langu, si la kiwanda." Na kasoro ukiiona uliitaja, hata iwe nyembamba kama unywele. Mwuzaji anayeficha ila ya bidhaa, uliniambia, hana baraka.

Halafu ile feni kubwa ya chuma baina ya meza zetu. Ilinipiga shoti ya stima mimi, ikakupiga na wewe. Ulimwambia msimamizi, akaleta selotepu nyeusi, akazungushia waya. Ukamwambia tena. "Bukra," akasema, kesho. Mimi nikahamishiwa Jeddah kwenye duka la nduguye bosi, na ile kesho nikaiacha hapo hapo haijafika.

Wafula, mwenzetu wa ghalani, ndiye aliyenipigia. "Bro, Athmani ametuacha. Wanasema alilala tu, hakuamka." Nilikuja Riyadh nikidhani nitakaa wiki nzima nikingoja, maana karatasi za maiti nimeziona zikitambaa. Zako ziliruka. Bi Mwanaisha alipigiwa simu Mombasa, akaambiwa mumewe alilala hakuamka, akakubali uzikwe huku. Angekataaje? Mtu wako akifa usingizini unashukuru Mungu kwamba hakuteseka.

Tulikuosha watu wawili, mimi na Msudani mmoja anayejitolea pale msikitini. Mikono yake iliijua kazi. Yeye akiosha, mimi nikimwaga maji, kisha tukabadilishana. Viungo vyako vilikuwa vimekaza kwa baridi ya jokofu, na nilivikunja polepole, sikuvilazimisha. Nikafika kiganja cha kulia. Katikati palikuwa na alama ndogo, kavu, ya kijivu, kingo zake ngumu. Sikuambiwa na mtu, nilikwenda moja kwa moja miguuni. Chini ya kisigino cha kushoto, pale ndara yako ilipokuwa imetoboka, palikuwa na alama nyingine, nyama imepasuka kwa nje. Nikajua, stima iliingia mkononi ikatokea kisiginoni. Msudani naye alikuwa ameona. Alivuta kitambaa, akaufunika mkono, akaniambia taratibu, "Ustur, ya akhi." Sitiri, ndugu yangu.

Nikasitiri. Ndiyo sheria ya mwoshaji, uyaonayo mwilini unayazika. Sikupiga picha, maiti hapigwi picha. Tukakutia karafuu maiti, tukakuvika sanda, na kufika alasiri ulikuwa umeshafukiwa.

Kisha nikaenda Sulay kuchukua vitu vyako. Ghala lilikuwa limepigwa deki. Mahali pa ile feni palikuwa na feni mpya, nailoni bado iko shingoni. Wafula alinitazama nikiitazama. "Mimi sijui kitu, bro," alisema kabla sijauliza. "Ikama yangu, hiyo permit ya kukaa huku, iko kwa ofisi, unaelewa? Na niko na watoto." Simlaumu. Ningekuwa bado nalala chumba kile nyuma ya ghala, na mimi nisingejua kitu.

Lakini meza yako hawakuigusa. Watu waliiogopa meza ya maiti. Na juu yake shujaa mmoja wa joho la kijani alikuwa amesimama, kwa mguu mmoja. Kando yake kikombe chako, kimejaa chai, utando umeganda juu. Hukuwa umekunywa hata funda.

Niliketi kwenye kiti chako nikalia kwa sauti, Wafula akatoka nje. Mtu aliyefia kitandani hakumimina chai ile. Ulimsimamisha, ukamimina, ukanyoosha mkono uielekeze feni upande wako kwa lile joto, basi. Walikubeba mpaka chumbani, wakakulaza, wakakufunika shuka. Waliondoa feni, wakapiga deki. Kila kitu walikitazama isipokuwa sanamu, kwa sababu kwao lile ni toi tu. Nikaipiga picha ile meza. Halafu nikamkagua, nisingeweza kumwacha vile. Nyayo safi, makwapa safi, kiwiko hakina mstari. Daraja la kwanza, kaka, alisimama siku zote zile na malori yakiingia. Nikamlaza ubavuni.

Nilirudi Jeddah na picha kwenye simu na ulimi mzito. Kafili wangu, mwenye duka na mdhamini wangu huku, hakungoja nivue viatu. "Halas, Salimu. Amekufa, Mungu amrehemu. Mafi kalam." Yamekwisha, hakuna maneno tena. Ikama yangu inakaribia kwisha na yeye ndiye wa kuifanya upya, kwa hiyo hakuhitaji kuongeza kitu. Bi Mwanaisha naye akapiga. "Shemeji, wewe ndiye uliyemuosha. Alikuwaje?" Nikamwambia uso wako ulikuwa mzuri. Na ulikuwa mzuri kweli, lakini mimi na wewe tunajua thamani ya uso.

Nikawa nabishana nawe kutwa, dukani, nikiwa napanga vyuma vya kutundikia bidhaa. Mkaguzi hutaja, mwoshaji husitiri, na zote mbili ni amana. Mpaka nikajiuliza, nikinyamaza, namsitiri nani? Ungekuwa na kilema, ungekuwa na ugonjwa wa kuona haya, ningekwenda nao kaburini wala Mwanaisha asingenitoa neno. Ule mkono haukuwa aibu yako. Ilikuwa kasoro ya feni yao, na walitaka mimi niwe selotepu. Mwosha huoshwa, kaka. Siku yangu ikifika nataka atakayeniosha awe na ulimi.

Jumapili nikaenda ofisi ya kazi ya serikali. Nikaandikisha kiganja, kisigino, feni, chai, na yule shujaa. Karani akauliza sanamu inahusu nini hapa. Nikamweleza mtihani wako tangu mwanzo, na akaitazama picha kwa muda, akaandika. Akauliza nani mwingine aliuona mwili. Msudani nimemtumia ujumbe, hajajibu. Wafula amebadilisha namba. Umeshazikwa, na kilichobaki cha kusema kwa niaba ya mwili wako ni macho yangu peke yake. Sijui kama yatatosha. Usiniulize. Dukani nimeambiwa nisirudi, na la ikama limebaki kwa Mungu.

Nilipotoka pale nikampigia Bi Mwanaisha kabla hajanipigia. Niliogopa simu ile kuliko kafili. Nilikuwa namnyang'anya kitu kimoja alichobakishiwa, kwamba hukusikia maumivu. Nilimwambia yote, tangu chai mpaka kisigino. Akauliza, "Kwa hiyo hakulala?" Nikasema hakulala. "Ilimuuma?" Nikasema sijui, na hilo ndilo jibu la kweli.

Akalia. Kisha akaniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Zainabu wenu, yule mdogo, tangu aambiwe baba yake alilala akafa, hataki kulala. Akisinzia anajifinya mkono. Amemwomba mamake amwamshe kila akifumba macho. Walimu wanamrudisha nyumbani, kwa dakitari hawaoni kitu. "Nitamwambia leo," akasema Bi Mwanaisha. "Nitamwambia baba yako alikuwa macho, alikuwa kazini."

Hayo ndiyo niliyotaka uyajue. Nakuahidi mambo mawili tu, kwa sababu mengine siyawezi. Wakiniita kusema niliyoyaona, nitayasema hivyo hivyo kila mara, siongezi, sipunguzi. Na wakinifukuza nchini, nitateremka Mombasa, niende kwako kabla ya kwenda kwetu, nimhadithie Zainabu kazi ya baba yake.

Buriani, kaka yangu. Mola akupe nuru huko uliko. Mkeo amenitumia ujumbe asubuhi ya leo. Mtoto amelala.

Salimu wako