Shikamoo Niliyoipiga Juu ya Mlima Balili

Bunda, Jumapili baada ya ibada

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Nakuamkia wewe kwanza, kisha mama, ingawa najua barua hii ataisoma yeye kwa sauti huku wewe ukijifanya husikilizi. Mgongo unaendeleaje? Korosho zimeanza kuanguka huko Masasi? Mimi ni mzima, wanafunzi wangu ni wazima, chaki bado tunagawana vipande, na dagaa wa ziwani sasa nawala bila kununa.

Baba, mama aliniandikia kwamba tangu wakupunguze kazini hutoki nyuma ya nyumba. Tena ulimwambia kwamba miaka yako yote ya kupiga telegramu ilikuwa bure, ni kama kuandika juu ya maji. Neno hilo limeniuma. Ndiyo maana nakuandikia habari ya jana hata kabla sijafua.

Yuko bruda mmoja wa misheni huko Musoma, Bruda Masatu, Mjita, fundi wa jenereta. Ana kibali cha redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza na ulimwengu kwa kupenda tu, bila mshahara wala matangazo. Alipokuja kutengeneza jenereta ya shule alinikuta nagonga meza kwa kalamu, nukta na vistari vya telegramu, kama ulivyotufundisha tukiwa wadogo. Akasimama mlangoni.

"Mwalimu, hayo umejifunziaga wapi?"

Nikamwambia kwa baba. Akaniambia Jumamosi nivae viatu vya kupandia mlima.

Tukapanda Balili, yeye na redio mgongoni, mimi na betri ya gari kichwani juu ya kata. Nilipumzika mara nne. Yeye hakupumzika hata mara moja, na umri wake ni kama wako! Huko juu, baba, nilisahau hata shingo inayouma. Upande mmoja ziwa lote mpaka linapoishia mbinguni, upande wa pili mbuga ya Serengeti, njano tupu mpaka macho yanachoka. Tukafunga waya mrefu kati ya miti miwili. Mama mmoja aliyekuwa akikata kuni pale, Mama Bhoke, akatutazama weee, kisha akauliza, "Na nyie mmekosa pa kuanikia nguo huko chini?"

Bruda akawasha redio, ikapiga miluzi, kisha akaniachia kibonyezo. Nikapiga jina la kituo chake na kumwita yeyote anayesikia. Kimya. Nikaita tena. Kimya. Nitakwambia ukweli, sikuogopa aibu. Niliogopa kwamba mkono huu ulionipa wewe usipojibiwa, basi lile neno ulilomwambia mama litakuwa kweli.

Mara ya sita nikajibiwa. Goa, baba! India! Nukta ndogo, safi, zinatoka ng'ambo ya bahari, nasi tumekaa juu ya jiwe na betri ya gari. Machozi yalinitoka na sikuyafuta, maana mkono mmoja ulikuwa na kalamu na mwingine uko kazini. Kwa kile Kiingereza cha kukatakata akasema anaitwa Joakim, ana miaka sabini na minne. Bruda akamtafsiria Mama Bhoke.

"Sabini na minne?" Mama Bhoke akatua mzigo wake. "Na huyu mwalimu amemsalimia?"

Bruda akamweleza kwamba hewani watu hutajiana majina, wanaambiana wanavyosikika, basi, wanaagana.

"Kwani hewani hakunaga wazee?"

Niliona haya kweli, kana kwamba ni mama aliyenisema. Nikapiga SHIKAMOO. Bruda akashika kichwa, akasema yule mzee atadhani mashine yetu imeharibika.

Nikashika kalamu nikingoja. Kisha, polepole, herufi moja moja: MARAHABA MWANANGU.

Mama Bhoke alipoelezwa alicheka hadi akakaa chini. Kumbe mzee yule alikuwa karani wa posta Tabora ujanani, akarudi kwao kabla sijazaliwa, na tangu hapo hakuna aliyemwamkia hivyo. Akaniuliza nimefundishwa na nani, maana mkono wangu, yaani ninavyopiga, ni wa posta za zamani, siku hizi hausikiki tena. Nikampigia: BABA. WAMEMPUNGUZA KAZINI. ANASEMA KAZI YAKE ILIKUWA BURE. Nisamehe kwa kutoa siri ya nyumba mbele ya dunia nzima.

Msalimie shangazi msuka mikeka, na kaka Danieli na shemeji. Mwambieni mtoto wao nimesikia kwamba ameota meno. Mpe salamu jirani yetu katekista. Mama, asante kwa kusoma, sasa mpe baba karatasi hii mkononi.

Baba, hili ndilo jibu la mzee Joakim. Nililiandika palepale nyuma ya daftari la mahudhurio, sikuongeza wala kupunguza herufi. Ni lako.

MWAMBIE BABA NIMEMSIKIA VIZURI SANA. KAZI YAKE IMEFIKA HADI GOA.

Mwanao akupendaye,
Veronika