Aliyemfunga Kitonga Leso

Mwingi,
Jumatatu.

Dada yangu mpendwa Mbinya,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji pamoja na watoto. Natumaini hamjambo hapo Kathonzweni, na kwamba mvua imewakumbuka kuliko ilivyotukumbuka sisi. Mimi na Ndeti tu wazima. Mwanangu Kitonga ametimiza miezi sita na ameanza kuketi. Nimeandika kwa sababu simu yako hupokelewa na kila mtu hapo nyumbani, na haya si ya kila mtu.

Uliniambia nilifanya vizuri kumtoa mama mkwe nyumbani kwangu, na kwamba umewasimulia akina mama wa kanisani jinsi alivyokaribia kumuua mjukuu wake. Maneno hayo yamenichoma. Naomba usiyarudie.

Alikuja kutoka Nuu mtoto akiwa na wiki tatu. Kwa kuwa tulimpa jina la marehemu mzee wake, alimwita mtoto “mume wangu”, akamgombeza kwa utani kwa kumwachia mbuzi peke yake. Alimfunga leso, mikono ndani, naye mtoto akalala fofofo. Nami nikashona sare za shule za wateja wangu bila kuinua kichwa. Sikuwa na neno.

Kitonga alipofika miezi minne akaanza kujigeuza. Nesi wa kliniki akaniambia nisimfunge tena, maana akilala kifudifudi na mikono imefungwa hawezi kujiokoa. Alazwe chali, mikono huru, bila mito. Nikarudi nikamfundisha mama mkwe kama mtoto wa nasari. Akacheka, akasema amelea saba na hakuna aliyekufa kwa leso. Tulivutana wiki nzima, mpaka Ndeti akamwamuru mama yake aache. Akaacha. Kitonga naye akakataa kulala.

Siku yenyewe nilikueleza, kwamba Ndeti aliingia akamkuta mama yake ameshika leso mkononi na mtoto anahema kwa shida. Akauliza ni nani amemfunga. Mama mkwe akasema ni yeye. Hospitalini walisema mtoto hana tatizo, na kesho yake Ndeti akampandisha mama yake gari la Nuu.

Nilichokuficha ni hiki. Mama mkwe hakuwepo mtoto alipofungwa. Alikuwa ameenda kuteka maji. Mtoto alikuwa amelia tangu asubuhi, na wenye sare walikuwa wanakuja jioni. Mimi, niliyejifanya mwalimu wa mama mkwe, nilichukua leso nikamfunga, nikaikaza, nikamlaza kitandani, nikarudi kwenye cherehani. Alinyamaza mara moja. Niliufurahia ule ukimya, dada. Sikwenda hata mara moja kumwangalia.

Aliyemkuta ni mama mkwe aliporudi, mtoto amejigeuza, uso umezama kwenye godoro, midomo imebadilika rangi. Ndiye aliyemfungua na kumpulizia pumzi mpaka akalia. Ndeti alipouliza, niliinama kumfuta mtoto uso. Yule mama akanitazama, ndipo akasema ni yeye. Sijui kwa nini alifanya hivyo na nimeogopa kumuuliza. Nilipomsindikiza stendi hakunilaumu. Aliniomba tu nisimfunge tena.

Ndeti hajui mpaka leo. Wiki iliyopita mama yake alipiga simu akiomba kumwona huyo “mume wake” mdogo, hata kwa siku moja. Ndeti alikataa, akasema mtoto huyu hatamgusa tena. Kisha akaniuliza kama amekosea. Nilimpakulia chakula, nikamwambia amefanya vizuri.

Nisalimie shemeji, na watoto uwape mkono kwa niaba yangu. Mungu awape mavuno mwaka huu. Wale akina mama wa kanisani waambie mama mkwe wangu hakufanya lile jambo. Wakikuuliza ni nani basi aliyelifanya, nakuomba dada, usinitaje.

Mdogo wako,
Ndululu