Jiwe la Liwa

Utende, Mafia
Mfungo Tano, mwaka 1329

Kwa ndugu yangu mpenzi Sleyum bin Shaibu, Dar es Salaam.

Shikamoo kaka. Naomba waraka huu ukukute mzima wa mwili na moyo. Sisi huku hatujambo kwa rehema za Mola. Mama naye hajambo, ila usahaulifu umemzidi. Juzi alinikaribisha kwa heshima zote ndani ya nyumba yetu wenyewe, akaniuliza wazee wangu ni watu wa wapi. Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Barua yako niliipata. Ulisema yule Mdachi unayemfanyia ukarani anakusanya vyombo vyetu avipeleke kwao Ulaya, nawe umemwahidi jiwe letu la kusagia liwa ya maharusi. Ukasema ni kijiwe tu, mama hatajua kama kimeondoka. Kaka, hapo ulinikera. Lakini mkubwa ni wewe. Nililitia guniani, na mjumbe wako Mbaraka akaja kulichukua.

Mama akamwona mlangoni, akalipapasa gunia, akalitambua jiwe. Akauliza nani anaolewa, maana jiwe lile halitoki nyumbani ila kwa harusi. Mbaraka, maskini, akajibu kweli kwamba linakwenda kwa Mdachi. Mama akauliza kama Mdachi ndiye anayeolewa. Mbaraka akalitua.

Basi mama akaketi mkekani, akataka kipande cha mti wa liwa na maji, akaanza kusaga. Unajua desturi yetu, anayesaga huwataja maharusi wote waliosingwa mwili kwa liwa ya jiwe lile. Akaanza na bibi yetu, aliyekimbia nalo kutoka Kua akiwa kigori, siku Wasakalava walipotoka baharini wakauvunja mji. Akaja kwa wa Juani, akaja kwa wa Chole, kila mmoja na ubini wake, wala hakujikwaa. Kua leo ni kuta tupu na popo, lakini nilisikia watu wake wakiitwa mmoja mmoja, na Mbaraka alivua kofia yake akaishika mkononi.

Alipomaliza alinivuta, akanisinga mashavuni, akasema, na huyu ni mwanangu Sihaba, anaolewa mara ya pili. Sikuwa nimemwambia mtu. Sasa nakwambia wewe: Mfaume, mchoma chokaa wa Miburani, ameniposa, nami namtaka. Nilikuficha kwa haya, mjane mzima kama mimi. Wewe ndiye walii wangu, nakuomba idhini. Na jiwe nimelizuia. Bwana wako akikasirika, mwambie dada yako ni mkaidi, hutakuwa umesema uongo.

Kuna jambo nilitaka nisikuandikie, maana nakujua. Mama alipofika kwa marehemu mkeo Somoe, alisimamisha mkono. Akasema huyu alipiga chafya, liwa ikamwagika yote, ikabidi isagwe upya, naye Somoe akacheka mpaka akalia. Mama akacheka peke yake. Tangu tumzike, hakuna aliyethubutu kulitaja jina lake mbele yako, nasi tukaacha hata kulitaja kwetu. Mama kasahau kwamba alikufa. Anamkumbuka akicheka.

Njoo umsikie, kaka, mama angali na sauti.

Wanakusalimu jamaa wote wa Utende, wakubwa kwa wadogo. Mungu akulinde.

Mimi dada yako akupendaye,
Sihaba binti Shaibu